Sunami ya kwetu haitabisha hodi kwa mtikisiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie swali linaloibuka kila ardhi inapotikisika mwambaoni: je, sunami inakuja? Tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa 2 usiku, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Majengo yaliyumba, watu wakatoka nje, bahari ikabaki ilivyokuwa. Ndivyo ilivyotarajiwa. Matetemeko tunayoyahisi huku kwetu mara nyingi si ya kuzaa wimbi, na lile la kuzaa wimbi kubwa halitatikisa hata kikombe mezani Tanga. Mafunzo mengi tunayosambaziana simuni yameandikwa kwa ajili ya Japani na Indonesia, ambako ardhi ndiyo kengele. Huku kengele yetu ni saa ya ukutani na jedwali la maji kupwa na kujaa.

Sunami haizaliwi na mtikisiko wenyewe. Huzaliwa sakafu ya bahari inapoinuka au kudidimia ghafla ikasukuma maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini kabisa hadi usoni. Hapo yanahitajika mambo matatu kwa pamoja: tetemeko liwe kubwa, chanzo chake kisiwe mbali sana chini ya sakafu, na ufa uteleze kwenda juu na chini badala ya kando. Hayo hukutana pale bamba moja la gamba la dunia linapozama chini ya jingine. Bamba la juu hunasa, likavutwa chini na kukunjwa kwa karne nzima au zaidi, kisha hufyatuka kama upinde. Mbele ya Sumatra, Jumapili ya 26 Desemba 2004, ufa ulifyatuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, kutoka kaskazini mwa kisiwa hicho hadi visiwa vya Andaman. Ukubwa wake ulikadiriwa kuwa 9.1. Kila namba moja inayoongezeka katika kipimo hicho ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tofauti kati ya tetemeko la Dar es Salaam na lile la Sumatra ni karibu mara 45,000.

Sharti la tatu husahaulika zaidi. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilitokea katika bahari hiyohiyo, magharibi mwa Sumatra, na tahadhari ikatolewa kwa Bahari ya Hindi nzima. Wimbi lililofuata lilikuwa dogo, kwa sababu pande mbili za ufa zilipishana kwa ubavu na sakafu haikuinuka kiasi cha kutisha. Wapo waliosema wataalamu walitia watu hofu bure. Si kweli. Katika dakika za mwanzo ukubwa hujulikana kabla ya mwelekeo wa mtelezo, na anayesubiri uhakika kamili atautangaza maji yakiwa mlangoni.

Hata ukubwa wenyewe ulidanganya mwaka 2004. Kituo cha tahadhari ya sunami cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilikadiria kwanza 8.0, kikapandisha hadi 8.5 baada ya kama saa moja, na makadirio ya 9 yakaja saa kadhaa baadaye. Sababu ni kwamba mawimbi ya mtikisiko ya haraka hufika kikomo: tetemeko likizidi kiwango fulani, hayaongezeki tena hata kama ufa unaendelea kupasuka. Siku hizi vituo husoma mawimbi ya polepole zaidi na kupata ukubwa wa kuaminika kwa muda wa dakika 20 hivi. Ndiyo maana pia haifai tena kuandika “kipimo cha Richter”. Kipimo cha Richter chenyewe kina ugonjwa huohuo wa kugota, na vituo vimekiacha kwa matetemeko makubwa.

Sasa hesabu inayotuhusu. Kasi ya sunami hutegemea kina cha maji: chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwenye kina cha mita 4,000 unapata karibu mita 198 kwa sekunde, yaani kilomita 710 kwa saa. Kwenye mita 10 inashuka hadi kilomita 36 kwa saa. Wimbi likipunguza kasi linapokaribia pwani, maji ya nyuma huyafikia ya mbele na kimo kikapanda. Saa mbili baada ya tetemeko la 2004, setelaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi ilipima mwinuko wa sentimita 60 tu katikati ya bahari. Nahodha aliyekuwa huko asingegundua kitu.

Kutoka Sumatra hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 6,000. Tetemeko lilitokea saa 10 kasoro dakika moja alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Somalia ilipigwa baada ya saa saba hivi, na Kenya na Tanzania zikafikiwa mchana wa siku hiyo ya sikukuu, fukwe zikiwa zimejaa. Somalia ilipoteza watu wapatao 300, wengi wao katika eneo la Hafun. Tanzania ilipoteza watu zaidi ya kumi, wakiwamo waliokuwa wakiogelea. Kenya alikufa mmoja. Ni kweli kwamba nishati kubwa ya wimbi ilielekea Somalia kuliko kwetu, kwa kuwa sunami husukumwa zaidi katika pembe mraba na ufa. Lakini Kenya pia iliondoa watu ufukweni, baada ya habari za asubuhi kutoka Asia. Hakukuwa na mtambo wowote wa tahadhari katika Bahari ya Hindi, ila saa zilikuwepo, na aliyezitumia alifaidika.

Tusiishie kusema ni ajali ya mara moja. Katika ghuba ya Pangani, watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba na kukuta tabaka la mchanga uliosombwa na bahari pamoja na mifupa ya binadamu, katika makazi ya kale ya Waswahili. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020: sunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, ambayo chanzo kinachoshukiwa ni eneo lilelile la Sumatra. Matabaka ya umri unaokaribiana yamepatikana kwingine katika Bahari ya Hindi.

Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha 2004, wazee walikuwa wamerithisha kumbukumbu ya sunami ya 1907: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba hivi. Mfano huo husimuliwa sana, na una haki. Tatizo ni kwamba nusu yake haitufai. Mtu wa Kizimkazi au Kilwa hatahisi tetemeko la Sumatra, na akilisubiri atasubiri hadi maji yamfikie. Nusu ya pili, ya bahari kurudi nyuma, inatufaa kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza: bahari si lazima irudi nyuma kwanza. Mwaka 2004 sakafu iliinuka upande wa magharibi wa eneo lililopasuka na kudidimia upande wa mashariki. Thailand bahari ilikauka kabla ya wimbi, lakini Sri Lanka na India maji yalianza kwa kupanda. Sisi tuko magharibi. Kwa hiyo bahari kurudi nyuma ni amri ya kuondoka, ila kutorudi kwake si hakikisho la usalama.

Sharti la pili ni ukubwa wa bamvua zetu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Tanga na Unguja bahari hupwa na kujaa kwa tofauti inayofika mita 4 wakati wa bamvua, na anayeishi ufukweni amezoea kuona mchanga ukienda mbali. Atofautishe vipi? Kwa muda. Mita 4 hushuka kwa zaidi kidogo ya saa sita, na katikati ya kupwa, maji yanapokimbia zaidi, kasi ni kama mita moja kwa saa. Robo saa ni sentimita 25. Ukiona nguzo ya gati imevuliwa mita nzima ndani ya dakika 15, au maji yanatoka wakati jedwali linasema yanajaa, hiyo si kupwa. Hapo hakuna simu ya kumpigia mtu kuuliza. Ni kuondoka.

Bamvua hiyohiyo ndiyo inayoamua uzito wa tukio. Wimbi la mita 2 likifika maji yakiwa yamekupwa kabisa linaweza lisivuke hata alama ya maji ya kila siku. Likifika maji yamejaa, linavuka ukuta wa barabara na kuingia madukani. Wapangaji wa mipango hupenda kusema kwamba maji kupwa ni bahati. Kwa nyumba, ndiyo. Kwa watu, sikubaliani nao. Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu huwa wako mbali kwenye tambarare ya miamba, wakifunga mwani au wakitafuta pweza, wengine umbali wa kilomita moja kutoka nchi kavu. Kutembea kilomita moja kwenye mchanga wenye maji ya magotini, na mzigo kichwani, kunaweza kuchukua nusu saa. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima, kwani kila mita ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Zaidi ya hapo, mtu aliye kule haoni bahari ikirudi nyuma, maana imesharudi. Taarifa ya sunami ikija siku za bamvua, watu wa mwani waondolewe kwanza, angalau saa mbili kabla ya muda wa kufika uliotabiriwa, na si kwa filimbi ya dakika ya mwisho.

Taarifa yenyewe hutoka wapi? Tangu 2011 kuna vituo vitatu vinavyohudumia Bahari ya Hindi nzima: vya Australia, India na Indonesia, chini ya mfumo ulioanzishwa na UNESCO mwaka 2005. Likitokea tetemeko la ukubwa wa 6.5 au zaidi katika bahari hii, hutuma taarifa ya kwanza ndani ya dakika 10 hivi. Zinazofuata hutaja maeneo ya pwani ambako kimo cha wimbi kinatabiriwa kuzidi nusu mita juu ya usawa wa maji wa wakati huo. Vituo hivyo havimwamuru mtu kuhama. Uamuzi ni wa nchi: kwa Tanzania taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa Kenya na Idara ya Hali ya Hewa, kisha huingia kwenye vyombo vya maafa, mkoa, wilaya, na mwisho mwenyekiti wa mtaa au sheha.

Mnyororo huo hukatika mahali palepale kila unapojaribiwa duniani: kiungo cha mwisho. Ofisi ya wilaya ina baruapepe. Mvuvi wa ngalawa hana. Kinachofanya kazi ni kuamua mapema, kwa majina, nani anampigia nani usiku wa manane, na mbadala wake akiwa hapatikani. Msikiti wenye kipaza sauti, redio ya jamii, kikundi cha usimamizi wa fukwe, bodaboda wawili kila shehia, na redio ya VHF chaneli ya 16 kwa walio majini. Betri ya kipaza sauti iwe imechajiwa, kwa kuwa umeme ukikatika siku hiyo haitakuwa mara ya kwanza.

Kosa lingine ni la saa. Taarifa za kimataifa huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Na sisi huhesabu saa kuanzia macheo, tofauti ya saa sita nyingine. Ikiandikwa 09:40, ni 12:40 ya kompyuta, yaani saa 6 na dakika 40 mchana. Anayesoma “saa tisa na dakika arobaini” akaitangaza hivyo amewaambia watu wimbi linafika alasiri, saa tatu nzima baada ya kufika. Taarifa yoyote inayotoka kwa Kiswahili iandike saa ya Kiswahili pamoja na neno mchana, jioni, usiku au alfajiri, na aliyebadilisha ahakikiwe na mtu wa pili kabla ya kutuma.

Umbali una faida nyingine: wimbi la mbali huweza kupimwa njiani kabla halijafika. Kifaa cha sakafuni hupima uzito wa maji yaliyo juu yake na kung'amua mabadiliko ya chini ya milimita chache hata kwenye kina cha kilomita kadhaa, kikatuma sauti hadi kwenye boya, na boya likatuma kwa setelaiti. Kinachoharibika mara nyingi ni boya. Wavuvi hufunga vyombo humo kwa sababu samaki hukusanyika chini yake, betri na paneli za jua huibwa, na matengenezo yanahitaji meli. Indonesia ilikuwa na maboya 22, na mwaka 2018 msemaji wa mamlaka yake ya maafa alikiri kwamba hakuna lililokuwa likifanya kazi tangu 2012. Vipima kina vya bandarini navyo vina kazi: vya Unguja na Lamu vilirekodi wimbi la 2004. Havituonyi sana sisi wenyewe, ila husaidia kujua mawimbi yameisha au bado.

Na huchelewa kuisha. Sunami ni mfululizo wa mawimbi, kati ya moja na jingine dakika 10 hadi saa nzima, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Ndani ya bandari maji huendelea kuyumba huku na huko. Mwaka 2004, Salalah nchini Oman, meli ya makontena ya mita 285 ilikata kamba zake na kuzunguka kwa saa kadhaa bila kushikika, ingawa maji hayakufurika bandari. Toamasina, Madagaska, meli ya mita 50 ilikata kamba jioni, saa nyingi baada ya mawimbi makubwa kupita. Kwa hiyo tangazo la kuruhusu watu warudi lisubiri vipima kina vionyeshe angalau saa mbili mfululizo bila wimbi la kutisha, na upakiaji wa boti za abiria usubiri zaidi ya hapo.

Wenye vyombo huambiwa “nendeni bahari kuu”. Ni ushauri mzuri kama una muda na kina. Lengo ni maji ya mita 100 au zaidi. Mombasa sakafu hushuka haraka nje ya mwamba, na mkondo wa Pemba ni wa mamia ya mita. Mkondo wa Unguja, kati ya kisiwa na Bagamoyo, una mita 30 hadi 60 tu kwa sehemu kubwa. Chombo chenye injini ndogo kilichoko katikati yake kikipata taarifa saa moja kabla, ni heri kirudi, kifungwe, na mabaharia wapande nchi kavu. Chombo hununuliwa kingine. Aliyetoka nje asirudi bandarini hadi aruhusiwe, hata kama ufukwe unaonekana umetulia.

Kwa nchi kavu, ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege inatosha kwa asiyeweza kufika mbali, mradi hoteli iwe imekubali mapema kuacha ngazi wazi kwa majirani na si kwa wageni wake peke yao. Mikoko na miamba hupunguza nguvu ya maji. Haiyazuii, na penye mlango wa mwamba maji hupita kwa kasi zaidi.

Kuna chanzo cha pili tusichokitazama: ufa wa Makran, mbele ya pwani ya Iran na Pakistan. Usiku wa kuamkia 28 Novemba 1945 ulizaa tetemeko la 8.1 na sunami iliyoua watu katika pwani hizo. Kutoka huko hadi Mombasa ni kama kilomita 4,000, kwa hiyo tungekuwa na saa sita hivi, si tisa. Jamaa zetu walioko Maskati na Suri hawangekuwa na anasa hiyo. Kwao ni dakika, na kwao mtikisiko mrefu ndiyo tahadhari yenyewe. Huku nako, tetemeko la karibu likidumu zaidi ya sekunde 20 au likikuzuia kusimama, ondoka ufukweni bila kusubiri taarifa, kwa sababu linaweza kuporomosha mteremko wa chini ya bahari hata kama ufa wenyewe haukuinua sakafu. Maporomoko mengine hayahitaji tetemeko kubwa: ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, ulianguka 22 Desemba 2018 na kuua zaidi ya watu 400 ambao hawakupata onyo lolote. Volkano mpya ya chini ya bahari iliyogunduliwa mashariki mwa Mayotte mwaka 2019 inafuatiliwa, miongoni mwa mambo mengine, kwa sababu hiyo.

Ombi langu kwa chumba chako cha habari ni la kazi tu. Siku taarifa itakapokuja, chapisheni mambo manne mtandaoni na yasomwe redioni kwa mpangilio huohuo: muda wa kufika kwa saa ya Kiswahili, kimo kilichotabiriwa, hali ya maji kwa muda huo, na nani atakayetangaza mwisho wa hatari. Kwa mfano: “Wimbi la kwanza linatarajiwa Tanga saa 7 na dakika 10 mchana. Kimo mita moja hadi mbili juu ya usawa wa maji. Maji yatakuwa yanajaa hadi saa 10 alasiri. Kaeni mbali na ufukwe hadi Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze.” Kila taarifa iwe na namba na saa iliyotolewa, kwa kuwa taarifa ya tatu ikisambazwa pamoja na ya kwanza, watu watafuata ile inayowapendeza.

Wako,
Msomaji, Tanga